Maoni ya Kabula

Ijumaa, tumefunga shule

...na bado namfikiria mama yake Kabula. Nimeandika maoni kwenye ripoti za watoto wote wa chekechea, ila ya huyu mmoja ndiyo yananiuma.

Jana mama yake alinifuata darasani akitokea soko la samaki la Mwaloni, bado ananuka dagaa. Baba wa mtoto alifariki mwaka huu, na mawifi wanataka Kabula akalelewe kwao Buswelu.

"Mwalimu, naomba usiandike kwamba analia," akaniambia. "Watasema nimeshindwa kumlea."

Kabula analia kweli. Kila asubuhi anang'ang'ania kitenge cha mama yake mpaka nimbandue vidole. Nilikuwa nimeshaandika hivyo. Nikachukua karatasi nyingine, nikaandika: "Anapenda kuimba, anagawana uji na wenzake, anampenda sana mama yake." Hakuna uongo hapo.

Leo alikuja shangazi yake, ambaye huwa anamchukua siku nyingine. Nilimpa ripoti. Akaikunja bila kuisoma, akaitia kwenye pochi.

"Mwakani atasoma Buswelu," akasema. "Wazee walishakaa Jumapili wakaamua."

Jumapili. Kabla hata mama yake hajaja kuniomba.

Kabula hakulia. Alimshika shangazi mkono, akanipungia, wakatoka. Nilitamani alie, angalau ningepata sababu ya kumzuia.

Saa nane mama yake akafika kumchukua, amebeba ndizi mbivu za kumpongeza kwa kufunga shule. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Ikabidi nimwambie mimi.