Masikio ya Kikombe

Lodwar, 3 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Ejore,

Leo naapa kukueleza yote, hata ya kuniaibisha. Ejok, hujambo? Joto la Kakuma linakuacha ulale? Mimi ni mzima, ila situlii.

Ijumaa ya wiki ijayo ni mashindano ya sayansi. Niliposema bati lina mwelekeo wake, darasa lilicheka. Mwenzangu Opondo akasema, "Hata debe la Akaale linajua njia ya Kitale!" Mwalimu Chelangat akanitetea. Bati ni chembe nyingi za fuwele, kila moja imeelekea upande wake. Kiwandani likibanwa kati ya vyuma vya mviringo, chembe hugeuka kidogo kidogo hadi nyingi zielekee pamoja. Baada ya hapo halivutiki sawa pande zote. Ukibonyeza kikombe kutoka kipande cha duara, ukingo huinuka mahali panne, kama masikio.

Wewe ni fundi, una jeki ya kubonyezea na kalibu ya kuumbia. Nibonyezee kimoja cha bati la alumini, tafadhali. Nikikosa ushahidi, nafasi yangu ya kuingia raundi ijayo anapewa Opondo.

Mpwa wako,
Akaale

Kakuma, 11 Juni 2025

Mpwa wangu Akaale,

Ejok-nooi. Tuko wazima, vumbi tu ndilo linatusumbua. Kikombe anakuletea Mama Awino wa mitumba.

Kweli kilitoka na masikio manne. Malith, tunayefanya naye kazi, akaniuliza, "Mzee, siku hizi unafua mbuzi wa bati?" Nikayakata yote, nikapiga tupa. Jina langu haliwezi kufika Lodwar na kazi mbovu. Sasa kinang'aa. Washinde!

Mjomba wako,
Ejore

Lodwar, 14 Juni 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mkono haukuumi kwa ile tupa.

Jana jaji alikizungusha kikombe akauliza, "Masikio yako wapi?" Nikasema kweli: "Mjomba aliyakata kwa aibu." Ukumbi ulivunjika mbavu. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka nao. Basi jaji akasema nafasi yangu ataishika hadi Jumatano, mradi kikombe kingine kibonyezwe mbele ya majaji. Bati lisipashwe moto kwanza, maana moto huotesha chembe mpya zenye mwelekeo mwingine.

Tangu jana sijala vizuri. Kazi yako si mbovu, Mjomba. Masikio hayo yameletwa na bati lenyewe.

Mama Awino anarudi huko leo, atakuja tena Jumanne. Nijibu upesi kwa simu ya Mwalimu: utapanda gari naye na jeki na kalibu yako, ubonyeze, kisha uyaache masikio yasimame hata Opondo akicheka?

Mpwa wako,
Akaale