Kidole cha Baba Mbonea

Alhamisi, saa kumi jioni. Huku Mamba ukungu haujaondoka mlimani tangu asubuhi, na nguo nilizofua jana alfajiri bado mbichi. Vumbi la Same nalo bado liko masikioni mwangu.

Nina wivu. Nimeona niliandike hilo mapema, kabla sijaanza kujipamba.

Jana nilishuka Same na sanduku la marehemu mume wangu. Baba Mbonea alikuwa daktari, alipasua wagonjwa miaka mingi, na alifundisha vijana kupasua. Sanduku alilitengeneza mwenyewe hapa uani: mbao, kikombe cha plastiki kilichogundishwa chini, na ndani ya kikombe kipande cha tyubu ya baiskeli. Tyubu ndiyo mshipa wa damu. Mwanafunzi anapeleka uzi hadi chini, anafunga fundo, na akivuta vibaya tyubu inabanduka. Hapo mgonjwa amekufa. Wanabandika tyubu, anaanza tena.

Aliyeniomba sanduku ni Dkt. Nakunda. Alikuwa mwanafunzi wa marehemu, sasa ndiye anayefundisha vijana wa udaktari katika chumba cha mazoezi pale hospitalini. Alinipokea vizuri, shikamoo mama, pole na safari, akalichukua sanduku kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto. Hana kosa hata moja. Ndiyo maana naandika hapa badala ya kumwambia mtu.

Nilipewa kiti na chai. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na uzi wake. Nakunda akasimama mbele, akafunga fundo la kwanza.

Nikaweka kikombe chini.

Alifunga kwa kidole gumba na cha kati. Kidole cha shahada alikiacha kimesimama, kimenyooka, kinaelekea dirishani. "Cha shahada juu!" akawaambia. "Mwalimu wangu hakukikunja hata siku moja." Na vidole kumi na kimoja vikasimama.

Kile kidole nakijua mimi. Baba Mbonea alijikata na mundu akiwa darasa la nne, akikata majani ya ng'ombe. Kikapona lakini hakikukunjika tena. Alifunga vifungo vya shati kwa vidole vingine. Akinywa chai, kinanyooka. Akinishika mkono, vingine vinne vinanishika na kimoja kinabaki nje. Alikionea aibu. Watu wakimwuliza alisema kila mtu na mkono wake, akabadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo Nakunda aliiga kovu akidhani ni elimu. Na sasa anawafundisha wengine.

Ningeweza kucheka. Badala yake niliumia. Huyu dada alikaa naye miaka mitatu, asubuhi hadi mchana, mikono yake pembeni ya mikono ya mume wangu. Aliipata ikiwa na nguvu. Mimi nililetewa iliyochoka, inayotaka maji ya moto na chumvi. Na bado nilidhani kidole kile ni changu peke yangu, kwamba mimi ndiye niliyebaki nacho.

Pale mezani walijaribu kwa zamu, na kikombe cha sandukuni kilikuwa kinatikisika. Fundo halishuki, linakwama juu, mtu anavuta, tyubu inabanduka.

"Umemuua tena!"

"Huyo wa tatu, Rehema. Tubakizie na sisi!"

Rehema ni binti anayetoka Ndungu, mtaratibu, ushungi wake ameuchomeka vizuri usiguse uzi. Mimi nafunga magunia ya tangawizi tangu nikiwa msichana. Gunia likijaa, kidole cha shahada ndicho kinachosukuma fundo hadi chini. Niliona mara moja shida yake iko wapi. Marehemu alikuwa amejifunza kusukuma kwa cha kati, miaka yote ile, kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Hawa wanayo.

Nilinyamaza.

Naandika ukweli: nilinyamaza nikimaliza chai, na nikaongezewa nyingine, nikanyamaza na hiyo. Nikiwaambia watakunja vidole, na Baba Mbonea atatoka kwenye chumba kile. Mwaka jana nilimzika mara moja. Na kuna kitu kibaya zaidi. Nilipenda kujua jambo ambalo Nakunda halijui.

Tyubu ikabanduka mara ya nne. Safari hii hakuna aliyetania. Rehema akatazama kiganja chake, akaniambia mimi, labda kwa kuwa nilikuwa karibu, "Mama, nadhani mimi mkono wangu ni mbovu."

Nikasikia sauti yangu inasema, "Mkono wako ni mzima, mwanangu. Ndiyo shida yenyewe."

Basi nikawaeleza. Mundu, majani, darasa la nne, aibu yake. Kijana mmoja nyuma akasema, "Kumbe tumefundishwa kilema!" akaziba mdomo. Nikacheka mimi kwanza, wakanifuata. Rehema akakunja kidole, akasukuma fundo. Likateremka hadi chini. Kikombe hakikutikisika.

Vidole vikashuka kimoja kimoja mezani. Nilivitazama vyote.

Cha Nakunda hakikushuka. Alijaribu, akakikunja, kikanyooka tena chenyewe. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Changu kimeshazoea, mama," akasema. "Naomba mniachie hiki."

Nilimwambia sawa. Nilitabasamu. Njia nzima ya kupanda milima nilikuwa namwonea wivu, hadi nikasahau kumwuliza dereva chenji yangu.

Leo mchana nilikuwa na gunia moja la tangawizi la kufunga. Nimejaribu kulifunga kidole cha shahada kikiwa kimesimama. Uzi ukaniponyoka. Nikajaribu tena, nikakishikilia kwa mkono mwingine kisikunjike, na hapo sikuwa na mkono wa kufungia. Mara ya tano nimepata fundo, limelegea, mtoto anaweza kulifungua.

Miaka yote nilimwona akifunga, na sikuwahi kujaribu kufunga kama yeye. Kwa nini sikujaribu?

Gunia nimeliacha na fundo hilohilo. Jumamosi mnunuzi akija, nitalifunga upya.