Tuliziba Kila Tundu

Mwiki, Ruiru
Jumanne jioni

Mama yangu,

Bwana asifiwe. Mguu wako unaendeleaje? Nekesa aliniambia umeanza kwenda kisimani mwenyewe, nami nikamwambia akunyang'anye ndoo, lakini najua ni kazi bure, wewe hunyang'anywi kitu. Mahindi yameota vizuri? Na yule ng'ombe mweupe amezaa ama bado anatuzungusha tu? Mimi mwili ni mzima. Nakula, na kazi ninayo.

Nekesa dada yangu, wewe unayemsomea Mama kwa sababu ya macho yake, mwambie aketi kwanza. Na usiruke neno. Nakujua, ukifika mahali pabaya utataka kupita mbio kama mtu anayepita penye mbwa. Soma yote. Ningepiga simu, lakini ni kwenye simu nilikodanganya, na kila nikiishika mdomo unarudia uongo uleule. Ndiyo maana nimenunua karatasi.

Mama, Simiyu mwanao hakufia hospitalini. Alifia ndani ya lile gari tulilokuwa tunalitengeneza, na jiko lililomuua nililiwasha mimi.

Acha nianze na kazi yenyewe, uelewe. Unamkumbuka Mama Wairimu wa Thika, yule mjane aliyetupa kazi? Ana gari kuukuu ambalo ni nyumba: mbele usukani, nyuma kitanda, kabati, sinki na meza ya kukunja. Wazungu fulani wazee waliliacha kwenye shamba la kahawa hapa Ruiru, likakaa chini ya miti miaka na miaka, hadi kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva. Injini ilishakufa. Mama Wairimu alilichukua kwa sababu ana shamba huko Ngoliba, kwenye joto na vumbi, na kujenga hawezi. Alitaka tulitengeneze ndani, kisha livutwe na lori mpaka shambani, awe analala humo wakati wa kupanda na kuvuna. "Fundi, sitaki hoteli," alituambia. "Nataka tu pahali mvua haitanifuata kitandani."

Likaletwa uani kwake, Kamenu huko Thika, nasi tukaanza. Pesa zilikuwa kidogo sana, kwa hivyo tulitumia akili. Sakafu tuliipiga kwa mbao za makreti ya kiwandani, Simiyu akazipiga randa mpaka zikawa laini kama meza ya pasta. Sponji tulitoa kwenye viti vya basi lililokufa, tukazifua, tukazianika juu ya ua. Mapazia ni ya mtumba. Mbao mpya tulizonunua ni plaiwudi za dari peke yake, maana dari ya zamani ilikuwa imeoza na ukiigusa inakumwagikia machoni.

Shida ilikuwa maji. Lile gari lilivuja kila mahali, Mama. Wiki mbili nzima kazi yetu ilikuwa ni kuziba. Silikoni kwenye madirisha, mpira mpya kwenye mlango, lami juu ya bati. Chini karibu na sakafu tulikuta matundu mawili yanayoonyesha nje, tukasema hii ni kutu imekula, tukayapigilia bati nayo. Simiyu, si unamjua na mdomo wake, akasimama katikati akajipiga kifua: "Bro, hapa hata upepo ukitaka kuingia lazima upige hodi." Tulicheka sana. Mimi niliona fahari, nisikudanganye. Nilisema kimoyomoyo, hawa vijana wa Mama wanajua kazi.

Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya huku mwezi huo inaingia mpaka kwenye meno. Gundi ya sakafu ilikataa kukauka, na Mama Wairimu alikuwa aje kesho yake asubuhi kuangalia. Wazo lilikuwa langu. Niliwasha jiko la makaa nje, nikalipepea hadi makaa yakaiva mekundu, hayana moshi hata kidogo. Nilijua moshi ni mbaya. Nilifikiri ukiisha, hatari nayo imeisha. Nikalibeba nikaliweka ndani, chini ya meza. Simiyu alikuwa abaki kulinda vyombo, maana tulikuwa tumeshaibiwa msumeno hapo. Akajilaza kwenye kitanda kile kipya akaniambia, "Nenda zako Mwiki, mimi leo nalala kizungu."

Na mimi nikaufunga mlango. Niliusukuma kwa bega kutoka nje mpaka ule mpira ukakaa sawasawa. Nikaenda nikifurahi jinsi ulivyofunga.

Asubuhi nilimkuta amelala kwa ubavu, koti amelifanya mto. Nikamwambia, amka, mwenye kazi anakuja. Nilimwambia mara mbili nikiwa naweka chai mezani. Jiko lilikuwa jivu tupu. Kule hospitali walimpima tu wakaniambia amekwisha zamani, wakaniandikia hivyo kwenye karatasi. Nikatoka nje nikakupigia simu, nikafungua mdomo, likatoka neno "kifua." Nikasema amelazwa usiku kwa kifua, akashindwa. Nawe ukalia, ukasema, "Si nilimwambia avae sweta! Ningemtumia ile nyingine."

Mama, nimekuacha miezi hii yote ukijilaumu kwa sweta. Hiyo ndiyo dhambi inayonitafuna kuliko zote. Alikuwa ameivaa. Ile ya kijani uliyomfumia.

Na uongo ukazaa. Tulipomleta nyumbani kumzika, wazee walinikalisha wakauliza, kijana amefia wapi? Nikasema, kitandani hospitali. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, hakuna aliyeomba kuisoma. Wakasema basi, huyo amefia mikononi mwa watu, amekuja mzima mzima, hakuna haja ya kwenda mahali alipofia kuiita roho yake irudi. Na mimi nilijua haja ipo. Unakumbuka Baba alivyokwenda kumchukua baba mdogo kule Timboroa gari lilikopinduka likamuua. Alikata tawi pale pale barabarani, akamwita kwa jina, akamwambia "twende nyumbani," akaja nalo bila kusema na mtu yeyote mpaka alipoliweka juu ya kaburi. Mimi nilikuwa darasa la tano, nililiona lile tawi kwa macho yangu. Nikamzika ndugu yangu nikijua tumezika nusu.

Nilirudi Thika baada ya matanga. Mama Wairimu alitaka kuliuza gari kwa vyuma chakavu, nikamsihi aniache nimalizie. Nilimwambia ni kwa heshima ya marehemu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kumwacha humo peke yake.

Siku za kwanza ilikuwa mazoea tu. Ninanyoosha mkono nyuma nasema "nipe bisibisi," na mkono unangoja. Halafu mambo yakaanza kugeuka. Napima ubao, nakata, naweka, unakaa sawa, kisha nakuta alama ya penseli mahali sikuandika. Mlango wa kabati naufunga, nikigeuka uko wazi. Nikasema ni bawaba, nikabadilisha bawaba. Ukafunguka tena. Kuna msichana anayeuza chai pale mtaani, amekuja huku juzi juzi, hajui habari zetu. Akaniletea vikombe viwili. Nikamuuliza, cha pili cha nani? Akanishangaa. "Si cha mwenzako? Nimewasikia mkicheka." Mama, mimi sikuwa nimecheka.

Chai ile ya pili ilipoa pale mezani. Sikuweza kuinywa wala kuimwaga.

Siku ya kupandisha dari ndiyo ilinivunja. Plaiwudi nzima ni ya watu wawili, mmoja huku mmoja kule, hata ukiwa na nguvu za fahali. Sikuwa na wa kunisaidia, nikasema nitajaribu kuiegemeza kwa kichwa. Nikainua upande wangu, ule mwingine ukawa umelala kwenye kabati. Bila kufikiri nikasema kama kila siku, "Shika hapo." Na ubao ukawa mwepesi. Ukapanda, Mama. Ukapanda ukakaa juu sawa kabisa na mstari, nikapigilia msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu, ndipo akili ikanirudia nikaangalia upande ule. Hakukuwa na mtu. Nyundo ilinianguka. Nililia mle ndani kama mtoto wa kuachishwa ziwa, nikamwambia nisamehe, nikamwambia mara nyingi. Ubao ulibaki juu.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nafunga mtungi wa gesi chini ya sinki, nikalazimika kung'oa lile bati tulilopigilia kwenye matundu ya chini. Nyuma yake kuna wavu mdogo wa shaba, umechongwa vizuri, na skrubu nne. Haikuwa kutu. Wazungu waliyaweka makusudi, hewa ipite, na sisi tukayaziba kwa sababu kwetu tundu ni kitu cha kuzibwa. Niliusugua ule wavu kwa msasa hadi ukang'aa, sijui nilikuwa nasugua nini. Sasa yote mawili yako wazi, na nimemwapisha Mama Wairimu kwamba jiko halitaingia mle hata kukiwa na barafu.

Halafu Jumapili ukanipigia. Ukaniambia unamwona Simiyu ndotoni, amesimama nje ya lango, unamwambia ingia, anakuangalia tu. Ukaniuliza, "Wanyonyi, huyu mtoto anangoja nini?" Nikasema sijui, Mama, tuombe. Nilipokata simu nilijichukia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kimenifichua ndani ya kichwa changu mwenyewe.

Gari limeisha. Limekuwa zuri, kweli. Jumamosi lori linakuja kulivuta kwenda Ngoliba. Na hapo ndipo nilipoona siwezi tena kunyamaza. Likiondoka na Simiyu yumo, atakwenda kukaa kwenye shamba la watu, hakuna anayejua jina lake, hakuna atakayemwambia habari ya asubuhi. Jana nikamwambia Mama Wairimu kila kitu, hata mambo ya ubao. Nilidhani atanicheka, ni mtu wa kanisa sana. Akashika kichwa. "Haiya! Kwa hivyo ulitaka nilale Ngoliba na mtoto wa mwenyewe?" Kisha akakaa kwenye ngazi ya gari, akasema, "Hayo ya matawi siyajui, fundi. Lakini mimi pia nimezaa. Mpeleke kwa mama yake. Nami pia nilikuwa nawaharakisha."

Basi ni hivi. Ijumaa alfajiri nitaingia mle, nimwite kwa lugha yetu, kwa jina lake na jina la Baba, nimwambie twende nyumbani. Nitakuja na tawi. Nimelipia viti viwili kwenye basi, karani akaniuliza mwenzangu ni nani, nikasema ni kaka yangu. Barua hii naituma na basi la kesho, Nekesa ataichukua stendi Alhamisi, ili initangulie. Ijumaa msinipigie simu. Mtu anayemleta mwenzake haongei na mtu, hata wewe sitakujibu, na usinielewe vibaya.

Nisalimie kukhu, nyanya yetu, mwambie mjukuu wake anayependa viazi bado anavipenda. Khocha Wekesa, kaka yako aliyechimba kaburi kwa mikono yake, mwambie yeye ukweli mapema, asije akausikia sokoni. Senge naye, najua atanitukana, dada ya Baba ana haki hiyo. Pasta pia mwambieni, na akisema haya si mambo ya Wakristo, mwambieni aombe tu kwa njia yake, hatutagombana. Na wewe Nekesa, dada yangu, pole kwa kukusomesha haya. Ulinililia begani siku ya mazishi, nami nikakuacha uamini.

Mama, nikifika langoni usiniangalie mimi kwanza. Mfungulie yeye. Mwambie karibu, mwambie lolote ulilotaka kumwambia. Nitapita nimpeleke mpaka kwenye kaburi lake, niliweke tawi, na hapo mdomo wangu utakuwa umefunguliwa. Lakini sitasema kitu. Nitatoka nirudi nisimame nje ya lango, barabarani, na basi la kurudi Nairobi linapita saa mbili usiku. Kama huwezi kuniona nitalipanda, sitalalamika, utakuwa umenitendea haki. Kama unaweza, niite jina langu.

Mimi mwanao,
Wanyonyi