Mgonjwa Mwenye Mashavu

Jumatano. Mvua imenyesha asubuhi hapa Mkata, ikakatika. Sijisikii vibaya, sijisikii vizuri. Sijisikii chochote.

Leo nimekwenda hospitali Korogwe na mama. Ni miezi minane tangu mimi na mdogo wangu Zaina tuugue korona, wiki ileile, chumba kimoja. Zaina ni mwembamba; wiki ya tatu alisharudi shambani. Mimi hadi leo nikifagia uwanja napumzika mara mbili. Naanza sentensi, katikati maneno yananipotea.

Kwetu mgonjwa ni mtu aliyekonda. Mimi nina kilo tisini na sita.

"Mgonjwa gani ana mashavu vile?" Mama aliwahi kuwaambia majirani, nami niko ndani nasikia. Wakacheka. Sikulia. Kusema kweli, hata mimi nilishaanza kuamini ni uvivu.

Daktari, mwanamke wa rika langu, alimpa mama shikamoo, akanipima moyo, mapafu na sukari. Akasema kirusi kimeshaondoka, madhara ndiyo yamebaki. Yanaweza kumpata yeyote, ila wanawake zaidi, na uzito mkubwa unaongeza hatari. Sababu hasa bado inachunguzwa. Huenda mafuta ya mwilini yanaufanya mwili uendelee kupigana wakati adui hayupo tena.

"Kwa hiyo si uvivu?" Mama aliniwahi kuuliza.

"Si uvivu, mama. Anaumwa."

Nilidhani nikisikia maneno hayo nitafurahi. Nilikuwa naangalia rangi iliyobanduka ukutani.

Akanishauri nipunguze uzito polepole, nitembee kidogo kidogo, nipumzike kabla sijachoka. Sikumwambia kwamba mwili huu niliupenda. Kwa mwili huuhuu nilikuwa nabeba mihogo kutoka shambani hadi gengeni, naimba.

Tulipofika nyumbani mama alivuta beseni la nguo nilizoloweka tangu juzi zikanishinda.

"Acha mama, nitafua."

"Kaa."

Akafua zote, hata nguo zangu za ndani, ambazo mama hamfulii binti wa miaka arobaini na moja. Nilikaa mlangoni nikimwangalia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sijui ni kufua au ni kulia.

Nilipaswa kuhisi kitu pale. Sikuhisi, na hilo ndilo linalonitisha kuliko kuishiwa pumzi.

Kesho asubuhi nitatembea hadi kisimani na kurudi. Nikichoka nitakaa chini, barabarani hapohapo, na sitamweleza mtu kwa nini.