Mtoto wa Kumi na Mbili

Chumbageni, Tanga

Mama yangu,

Shikamoo, na salamu za amani zikufikie wewe na wote waliomo nyumbani. Goti lako je, limepata nafuu, au bado unalificha ili usipelekwe hospitali? Mimi mzima, alhamdulillah, ila jua limenibabua pua. Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Kwenye simu hunipi nafasi, mama. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Zile safari za Jumamosi nilizokudokezea zimeanza. Tunawatoa watoto kumi na wawili hapa makaoni tunapowalea, tunawapeleka Kigombe wakajifunze nje: kupanda mikoko, kujua maji yanakupwa na kujaa saa ngapi, na kufunga mwani kambani pamoja na wanawake wa pale. Haya, cheka. Mimi niliyekuwa nikijisingizia homa ili nisishuke nawe pwani, leo ndiye mwalimu wa mwani.

Msimamizi wetu, mama mmoja wa Lushoto, safari hizi hakuzipenda tangu mwanzo. Mtu wa milimani, bahari haiamini. Alinipa ruhusa kwa sharti moja: mtoto mmoja akipatwa na jambo, safari basi. Nikatia sahihi kwa mbwembwe zangu zote.

Siku ya kwanza watoto walishuka garini wakajipanga mstari mchangani, kimya, wakingoja. Hawa wanaamshwa kwa kengele, wanakula kwa kengele, wanalala kwa kengele. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa tufanye nini?" Nikasema, chezeni. Wakatazamana. Iliniuma, wallahi. Lakini Jumamosi ya pili walikuwa wakirushiana matope kule mikokoni, na mimi nikapata langu la usoni.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonitia mashakani. Maji yalianza kujaa, nikapuliza filimbi, nikahesabu: kumi na mmoja. Nikahesabu tena. Aliyekosekana ni Zaina, msichana wa miaka kumi na mitatu, mkimya, ambaye siku ya wageni haji mtu kumuona. Nikampigia msimamizi, maana ndiyo sheria, nikamwachia mwalimu mwenzangu wale wengine, kisha nikaingia majini na nguo zangu nikiita mpaka sauti ikakauka. Wanawake wa mwani wakaingia nami.

Tukapanda kijijini kuuliza, tukamkuta uani kwa Bi Saumu, mfunga mwani mwenzao aliyekuwa ametangulia kurudi nyumbani; mtoto kajifunga kanga kavu, anakula muhogo wa nazi. Bi Saumu alivyoniona natweta, akashangaa.

"Mtoto kalowa, anatetemeka, nimuache pale? Nimemuuliza utakula, kasema ndiyo."

Ningemlaumu vipi, mama? Wewe mwenyewe ungefanya hivyo hivyo. Kwetu mtoto aliyefika mlangoni ni wako. Ila makaoni mtoto ana faili, na aliyetia sahihi ni mimi. Safari zikasimamishwa.

Jumatatu tukaitwa ofisini: mimi, Zaina, msimamizi na afisa ustawi wa jamii. Nilijitetea vibaya. Huu mdomo wangu unaoujua, siku ya kuuhitaji ukanitupa. Nikajua safari ndiyo zimekufa, na wale watoto watarudi kwenye kengele zao. Afisa akamgeukia Zaina, akamuuliza kwa upole, "Ulipotelea wapi, mwanangu?"

"Sikupotea," Zaina akasema. "Nilialikwa."

Akaendelea, macho chini: "Aliniuliza, utakula? Huku hatuulizwi."

Msimamizi alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Huyo mama naye angetuambia," alisema mwishowe, lakini ukali ulikuwa umemtoka. Na hapo ana haki. Ile robo saa ya majini sitaisahau.

Afisa akaenda Kigombe mwenyewe kumuona Bi Saumu. Karudi kashiba. Basi safari zimeruhusiwa tena, ila mwaliko upitie kwetu kwanza, na mtu mzima aende na mtoto.

Jumamosi mbili sasa nimekwenda kwake na Zaina. Juzi, baada ya kula, mtoto akabaki jamvini, hajui anyanyuke au angoje.

"Hii mara ya ngapi unakula kwangu?" Bi Saumu akamuuliza.

"Ya tatu."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vyombo vile pale."

Mama, sijaona mtu anasugua sufuria kwa furaha vile. Na huku makaoni, zamu yake ya vyombo ikifika, tunamtafuta kwa tochi.

Nisalimie kaka Hamad na mkewe, na shangazi Biubwa umwambie vitumbua vyake sijavipatia mpinzani hapa Tanga. Watoto wa kaka wabusu wote, hata yule anayeng'ata.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi iliyokunjwa ndogo. Ni ya Zaina. Nimemsimulia habari zako, anataka kujua kama huko Pemba nako watu wanaalika. Mimi sijamjibu. Mjibu wewe, na juu ya bahasha andika jina lake kamili, Zaina Shabani, si langu. Ruhusa tutaiomba sisi. Wewe alika tu.

Mwanao,
Raya