Alama ya "Hapana" kwa Mama Nekesa

Mama, habari ya Kitale? Huku Bungoma niko mzima, ila nimekasirika mpaka chai imepoa mbele yangu.

Leo niliwapeleka wanafunzi wangu wa udaktari Tongaren, tuwaulize wakulima kuhusu mazoezi ya mwili. Tulimkuta mkulima mmoja, Mama Nekesa, akipalilia mahindi tangu alfajiri, na maji ameshateka mtoni mara tatu. Mwanafunzi mmoja akamuuliza, "Unafanya mazoezi?" Mama Nekesa akacheka. "Mazoezi? Si hayo ni ya watu wa ofisi, bana!" Mwanafunzi akaweka alama kwenye "hapana" ya fomu yake, kisha akamshauri awe akitembea nusu saa kila siku. Ati atembee! Mama wa watu akasema, "Asante, daktari," akainamia jembe tena.

Nilimfokea huyo mwanafunzi njia nzima. Mwishowe akanipa ile fomu. Swali lilikuwa limeandikwa hivyo hivyo alivyouliza, na chini yake jina langu kama mtunzi.

Mama, ulibeba mahindi kichwani miaka yote ili nisome, nami nikasoma, nikaandika swali la kukuweka kwenye "hapana." Nisamehe. Kesho naliandika upya. Wewe leo keti kidogo.

Binti yako,
Nafula