Kurasa Nilizoziruka

Ijumaa, Juni 2014
Al Thumama, Doha

Leo vumbi limefunga mji. Kutoka dirishani sioni hata msikiti wa jirani, na roho yangu nayo haijatulia. Naandika mchana huu huu kabla sijajitafutia visingizio.

Wenye nyumba walikwenda kanisani asubuhi, maana hapa misa kubwa ni Ijumaa. Nilibaki na Mama Nora, mama mzazi wa bosi, bibi kizee wa Ireland ambaye macho yamemchoka. Mimi ni muuguzi wake na, tangu Machi, msomaji wake pia. Tunasoma riwaya moja nene ya Kiingereza kuhusu ukoo unaoishi chini ya mlima, vizazi vinne, ugomvi mtupu. Mlima wenyewe upo kweli. Mama Nora alizaliwa chini yake, na anasema mwandishi alikaa kijijini kwao kiangazi kizima akinywa chai za watu na kukusanya habari zao.

Mlima ule sijawahi kuuona, lakini naujua. Una mawe, una ukungu, una watu wanaoutazama kwanza kabla ya kuanika nguo. Kama kwetu milimani Wundanyi tu.

Sasa niungame.

Jana nilifika mahali ambapo binti wa ukoo, aliyeko ng'ambo, anatumiwa karatasi na kaka zake ili aachie sehemu yake ya mlima. Nikaruka. Kurasa sita nzima, tena kwa sauti kavu kabisa, nikaendelea na harusi ya sura inayofuata.

Nilimdanganya mgonjwa wangu kwa sababu karatasi kama ile iko kwenye droo yangu.

Baba alifariki mwaka juzi. Mdogo wangu Mwakio alinitumia fomu ya kukubali kwamba sitaki urithi, zile ambazo mabinti wengi wa kwetu hutia sahihi bila maneno mengi. Nyumbani wamepata mnunuzi wa shamba la juu. Shamba la juu ndiko alikozikwa mama.

"Dada, ni sahihi tu," aliniambia kwenye simu. "Wewe uko Doha, hiyo shamba utalima saa ngapi?"

Nikacheka, nikasema sawa. Naogopa ugomvi, hasa na mtu niliyemlea mgongoni.

Leo nilipofungua kitabu, Mama Nora aliweka kiganja juu ya ukurasa. "Rudi nyuma, binti yangu. Uliruka." Kumbe amekihifadhi chote kichwani.

Nikarudi, nikasoma. Binti anatia sahihi. Miaka mingi baadaye anarejea, mlima una mwenyewe mwingine. Analia kwenye kaburi la mama yake, na yule mnunuzi anamletea maua. Ni ukurasa mzuri.

"Hapo mwandishi alipamba," Mama Nora akasema. "Yule alikuwa shangazi yangu. Hakufika kaburini. Geti lilikuwa na kufuli, na mwenye geti hayupo. Alisimama pale mpaka mvua ikaanza, halafu akarudi alikotoka. Mimi ndiye niliyemshikia mwavuli."

Hakuniuliza kwa nini niliruka. Alinishika mkono tu, nami nikalia kama mtoto, muuguzi mzima na sare yangu.

Alipopitiwa na usingizi nikampigia Mwakio. Nilimwambia sitatia sahihi maadamu kaburi la mama limo ndani ya kinachouzwa. Akasema, "Kwa hivyo umeamua kutuharibia?" Nikamjibu kwamba kama ndivyo anavyoona, basi ndiyo. Akakata simu.

Je, leo nimempoteza ndugu yangu? Naumia kuliandika hilo swali. Krismasi nikienda likizo, sijui kama kuna atakayenifungulia mlango.

Ila najua njia ya kwenda kwa mama bado haina geti.